Namba 7 na Namba 23: kisa cha vipimo vya nguvu kwenye majaribio ya vijana

Kisa hiki kilitokea kwenye kituo kimoja cha kukuza vipaji katika mji wa pwani ya Tanzania. Jina la kituo, la mfadhili, mwaka na majina ya watoto nimeyaondoa. Watoto nawaita kwa namba za vizibao walivyovaa siku ya majaribio. Mimi nilikuwa kocha wa viungo, na karatasi ya alama iliyoleta matatizo yote haya niliiandaa mwenyewe.

## Kabla ya majaribio

Kituo kilikuwa na nafasi 12 za wavulana wenye miaka 14. Walijitokeza 46.

Miaka yote ya nyuma tulichagua kwa macho. Makocha watatu wanakaa chini ya mwembe, watoto wanacheza, jioni majina yanasomwa. Njia hiyo imewatoa wachezaji wengi wazuri nchini na siidharau. Lakini mwaka uliotangulia, wawili kati ya waliochukuliwa walikuwa wa ukoo mmoja na mjumbe wa kamati, na mtaa mzima uliongea. Maneno yakamfikia mfadhili. Akaja na sharti: mwaka huu anataka namba. "Namba haina mjomba," alituambia, na kauli hiyo ikageuka utani wa kituo kwa wiki nzima.

Nikiri kwamba nilifurahi. Kocha wa viungo kwenye vituo vyetu huwa ni mtu wa kupanga koni na kuwapasha watoto misuli, halafu anasogea pembeni wakati mpira unaanza. Safari hii niliambiwa nipange karatasi ya alama, nami nikaipanga kwa hamu ya mtu aliyesubiri zamu yake muda mrefu.

## Tulichopima na vifaa tulivyokuwa navyo

Mitambo ya gharama hatukuwa nayo. Tuliazima mashine ya kupima nguvu za kiganja, ile unayoibana nayo inakusomea kilo. Tulikuwa na futi kamba, stopwochi, simu moja yenye kamera inayopiga picha 240 kwa sekunde, na mashine ya presha ya kawaida yenye mkanda wa kufunga mkononi na mpira wa kupampu.

Vipimo vya nguvu vilikuwa vinne: kubana kiganja, kuruka mbele kwa miguu miwili bila kukimbia, kuruka juu, na pushapu za dakika moja. Cha tano kilikuwa cha kasi, mbio za mita 10. Cha sita kilikuwa cha kinena.

Kuruka juu tulipima kwa simu, na inafaa nieleze kwa sababu kituo chochote kinaweza kufanya hivi. Unahesabu picha tangu vidole vya mguu vinapoachana na ardhi mpaka vinapoigusa tena, unapata muda wa kukaa hewani. Muda huo unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha kwa 9.81, unagawa kwa 8, na jibu ni urefu wa kuruka kwa mita. Mtoto aliyekaa hewani nusu sekunde ameruka sentimita 31 hivi. Ukikosea picha moja, unakosea kama nusu sentimita tu. Udanganyifu uko kwenye kutua: anayetua huku amekunja magoti anajiongezea muda wa hewani, na watoto hugundua ujanja huo mapema kuliko makocha.

Kipimo cha kinena kilitumia mashine ya presha. Mtoto analala chali, magoti yamekunjwa, mkanda uliokunjwa unawekwa katikati ya magoti na kupampuliwa mpaka mshale usome 10. Kisha anabana kwa nguvu zake zote na unasoma mshale umefika wapi. Unapima misuli ya ndani ya mapaja, inayofanya kazi kubwa kila mchezaji anapogeuka ghafla au kupiga pasi ya ndani ya mguu. Unamuuliza pia: kuna maumivu? Sifuri mpaka kumi, ngapi?

Hatukumpima yeyote uzito wa juu kabisa anaoweza kuchuchumaa nao. Wengi wao hawajawahi kushika chuma, na kumbebesha mtoto uzito wa mwisho wake siku ya kwanza ni kupima woga na mbinu, nguvu inabaki bila kupimwa. Uamuzi huo sijaujutia.

Alama zilikwenda hivi: kwenye kila kipimo wa kwanza alipata 46, wa mwisho 1, kisha tukajumlisha vipimo vitano. Kinena hakikuingia kwenye jumla. Nilikiona ni suala la afya, nikakiandikia karatasi yake peke yake, na karatasi hiyo ikaingia kwenye begi langu.

Likabaki sharti moja. Watoto 30 wa juu ndio wangerudi siku ya pili kucheza mechi kamili, na 16 wangeenda nyumbani. Sababu haikuwa ya kisayansi. Uwanja tulikuwa nao kwa siku moja zaidi, na wali wa mchana ulikuwa wa watu 30.

## Siku ya kwanza

Namba 7 alionekana tangu getini. Uzito kilo 62, mabega yamejaa, kivuli cha sharubu juu ya mdomo. Wenzake walimsogelea kama anayemsogelea kaka. Kiganja chake kilisoma kilo 41. Aliruka mbele mita 2.21, juu sentimita 34. Kwenye orodha ya jumla akawa wa pili. Minong'ono ya umri ilianza hapohapo, maana kwetu mtoto mwenye sharubu kwenye majaribio ya miaka 14 ni kesi tayari.

Kwenye kinena alisoma 110. Wenzake wengi walikuwa kati ya 150 na 190. Nilipomuuliza maumivu alisema, "Kinakaza kidogo tu, mwalimu. Nne hivi." Nikaandika 110, nikaandika 4, nikamwita anayefuata.

Namba 23 alikuwa na kilo 36. Alitoka kijiji cha jirani kwa miguu, na mpaka kundi lake linafikiwa ilikuwa saa sita kasoro, jua la utosi. Tumboni alikuwa na chai ya rangi ya saa kumi na moja alfajiri. Hilo nililijua baadaye, siku ile sikumuuliza. Kiganja kilo 24. Kuruka mbele mita 1.58. Pushapu 11, huku kiuno kinaning'inia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha zinapigwaje. Akawa wa 38.

Jioni tulicheza mechi fupi za dakika 20, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Namba 23 alikuwa anapokea mpira huku ameshaangalia nyuma yake mara mbili. Aliguswa bega akaanguka, aliguswa tena akaanguka, mara ya tatu aliuachia mpira kabla ya bega kufika na mabeki wawili wakagongana wenyewe. Mwalimu wetu mkubwa, mzee aliyefundisha mpira wa mchangani kabla sijazaliwa, alisimama. "Huyu mpira unamtii. Mwacheni acheze kesho."

Niliyekataa ni mimi. Sababu zangu nazieleza hapa kwa sababu hazikuwa za kijinga. Sharti la 30 lilikuwa limetangazwa kwa kipaza sauti asubuhi, wazazi wakisikia. Tukimrudisha wa 38 kwa sababu mwalimu kampenda, tutawaambia nini wazazi wa yule wa 31? Tulikuwa tumeahidi kwamba mwaka huu hakuna kupendwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, mwanangu, kalamu ni yako," akaenda kukaa.

## Namba 31

Kabla ya kuendelea na mabaya, niseme zuri moja, maana watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema vipimo havina maana.

Namba 31 (namba ya kizibao, si nafasi yake kwenye orodha) ni mtoto wa wavuvi, mkimya sana. Kwenye ile mechi ya dakika 20 aligusa mpira mara tatu. Tulimpanga kiungo wa kati, nafasi ambayo hakuwahi kucheza, na hakuthubutu kutuambia. Kwa macho ya chini ya mwembe angekuwa amekwenda nyumbani, na hakuna ambaye angekumbuka sura yake. Lakini alikuwa wa kwanza kwenye mita 10 kwa sekunde 1.84, na aliruka mbele mita 2.24 kwa kilo 47 za mwili. Namba ndizo zilizomrudisha kesho yake, tukamweka pembeni kushoto, na leo hakuna mtoto kwenye kituo anayempita kirahisi. Beki wetu wa kushoto alipatikana kwa futi kamba.

## Miezi iliyofuata

Wiki mbili baada ya majaribio, mzee alikuja na Namba 23 kwenye mazoezi ya jioni yaliyo wazi kwa watoto wa mtaani. Hakuniambia neno. Alimleta tu.

Nikampima upya. Safari hii alikuwa amekula chapati mbili na maharage, ilikuwa saa kumi na moja jioni, na nilimpa majaribio matatu ya kuzoea kabla ya kuandika chochote. Kuruka mbele mita 1.71. Kiganja kilo 26. Pushapu 17, kiuno kikiwa kimenyooka. Usiku nikayaingiza majibu hayo kwenye karatasi ya zamani mahali pa yale ya kwanza. Akawa wa 29.

Siku 14. Mwili wake haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni chapati, jua na mtu wa kumwelekeza.

Ndipo nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla. Ipo kanuni iliyochapishwa mwaka 2002 inayokadiria mtoto yuko mbali kiasi gani na kilele cha kurefuka, ule mwaka ambao mwili unajivuta kuliko mwaka mwingine wowote. Inahitaji umri, uzito, urefu wa kusimama na urefu wa kukaa, basi. Urefu wa kukaa unampima mtoto juu ya stuli iliyoegemezwa ukutani, na tofauti yake na urefu wa kusimama ndiyo miguu. Namba 7 alitokea ameshapita kilele kwa zaidi ya mwaka. Namba 23 alikuwa bado kama mwaka mmoja kukifikia. Kanuni yenyewe inaweza kukosea kwa miezi mingi, kwa hiyo siapi juu ya kila mmoja wao, ila pengo kati yao lilikuwa la miaka miwili na zaidi.

Na ule uvumi wa umri? Mama yake Namba 7 alileta kadi ya kliniki, ile ya mtoto, kona zimechakaa na mistari ya uzito imejazwa kwa kalamu za manesi tofauti. Tarehe ilikuwa ileile ya cheti. Namba 23 ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa miezi mitano.

Wiki ya tisa Namba 7 alianza kuchechemea. Mazoezi yetu yalikuwa siku nne, na Jumapili alikuwa anakodiwa kucheza ndondo na watu wazima, jambo ambalo mwili wake ulimruhusu na sisi hatukuuliza. Kinena kikakataa kabisa. Alikaa nje wiki 11. Mama yake alikuja kituoni, akasalimia kila mtu vizuri, akakaa, akaniuliza: "Mwalimu, mlimpima hapa mkaona, au mlimpima hamkuona?"

Nikafungua begi, nikatoa ile karatasi. 110. Maumivu 4.

Alirudi uwanjani na yuko salama. Sasa ni beki wa kati mzuri wa kawaida. Alipofika miaka 16 wenzake walikuwa wamemfikia kwa nguvu, na wawili wamempita. Hakupungua yeye, wao ndio walikuwa nyuma kwenye safari ileile.

Namba 23 alirefuka sentimita 9 ndani ya miezi 12. Najua kwa sababu mzee alikuwa akimsimamisha kwenye ukuta wa stoo kila mwisho wa mwezi na kuchora mstari kwa mkaa. Kiganja chake kilifika kilo 36. Tulipokaa kikao na kukubaliana kumpa nafasi, kituo cha mkoa mwingine kilikuwa kimeshamchukua, pamoja na ada ya shule na bweni. Mzee alishaongea nao. Simlaumu.

## Tulipokosea

Kosa la kwanza ni kusoma balehe tukadhani tunasoma kipaji. Kwa wavulana kilele cha kurefuka huja karibu na miaka 14 kwa wastani, lakini yupo anayekipata na miaka 12 na yupo anayesubiri mpaka 16, na wote ni wazima. Nguvu hupanda kwa kasi baada ya kilele hicho kupita. Kwa hiyo ukiwapanga wavulana wa miaka 14 kwa kilo wanazobana, sehemu kubwa ya orodha yako ni kalenda ya nani ameshabalehe. Hata kile kipimo cha emarai (MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) cha kifundo cha mkono ambacho FIFA inakitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 tangu 2009 kisingetusaidia hapa. Chenyewe kinawakamata waliovuka umri, na kwetu hakuna aliyekuwa amevuka.

Nilikuwa na imani yangu na ilitoka mahali. Mwaka 2004 watafiti wa Norway walichapisha vipimo vya wachezaji 17 wa klabu kubwa ya huko, wakaonyesha kwamba nguvu ya kuchuchumaa na chuma inakwenda sambamba sana na kasi ya mita 10 na urefu wa kuruka. Utafiti ule niliupenda na bado naupenda. Ila wale ni wanaume waliomaliza kukua, wote wa kiwango kimoja, wote wamezoea vyuma. Nilichukua kanzu ya mtu mzima nikamvisha mtoto, halafu nikamlaumu mtoto kwamba mabega yake hayajai.

Tazama hili. Kiganja cha Namba 7, kilo 41, ukigawa kwa uzito wake wa 62 unapata 0.66. Cha Namba 23, 24 kwa 36, unapata 0.67. Kilo kwa kilo walikuwa sawa. Kwenye orodha yangu walitenganishwa na watu 35. Sisemi kwamba kugawa kwa uzito ndiyo dawa, kwa sababu mgawanyo huo unawapendelea wadogo, na mpira wa bega kwa bega hauulizi uwiano, unauliza kilo. Lakini ningezisoma namba zote mbili, ningesita, na siku ile kusita kungetosha.

Kosa la pili ni la mstari wa 30. Tuliukata mahali ambapo watoto walikuwa wamesongamana. Kati ya wa 27 na wa 40 tofauti ya alama ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya mtoto mmoja aliyepimwa na njaa na mtoto huyohuyo aliyepimwa ameshiba. Kipimo kinachoyumba kiasi hicho kinaweza kukuambia huyu yuko juu, huyu yuko katikati, huyu yuko chini. Hakiwezi kumtenganisha wa 30 na wa 31. Kama ni lazima uwe na mstari, weka mahali penye nafasi wazi kwenye orodha. Wali utapatikana.

Wamarekani na mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kusukumana, wametutangulia kwenye somo hili kwa hela nyingi zaidi. Kila mwaka kabla ya ligi yao ya NFL kugawana vijana, hukusanywa na kupimwa, na kipimo maarufu cha nguvu ni kulala kwenye benchi na kusukuma chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri unavyoweza. Mwaka 1999 Justin Ernest alikisukuma mara 51, na hakuna timu iliyomchagua. Mwaka 2018 Orlando Brown, jitu la safu inayomlinda mrusha mpira wao mkuu, alikisukuma mara 14 tu, watu wakamcheka, akachaguliwa raundi ya tatu. Ameitwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi zaidi ya mara moja na ana pete ya ubingwa. Na hao ni watu wazima kwenye mchezo ambao kusukumana ndiyo kazi yenyewe.

Kosa la tatu linaniuma kuliko hayo mawili. Kati ya vipimo sita, kimoja tu kilikuwa kinasema jambo ambalo jicho la kocha haliwezi kuliona kutoka chini ya mwembe, tena jambo la kufanyiwa kazi kesho yake asubuhi. Kinena dhaifu chenye maumivu kina mazoezi yake. Kinahitaji mzigo upunguzwe, Jumapili ya ndondo isimamishwe, misuli ya ndani ya mapaja ijengwe polepole wiki hadi wiki. Hayo yote nayajua, ndiyo kazi yangu. Lakini kwa kuwa kipimo kile hakikuwa na alama, akili yangu ilishakiweka kando. Zile namba tano zilizohitaji kupozwa nilizipeleka mezani zikiwa za moto, na ile moja ya kufanyiwa kazi ikalala begini wiki tisa.

Haki ya kupinga upendeleo pia inafaa kuangaliwa upya. Ni kweli kwamba mwaka ule hakuna mzazi aliyelalamika kuhusu ujomba. Lakini watoto waliopimwa asubuhi walikuwa wa mjini, waliofika na bodaboda baada ya kunywa chai na mihogo. Waliopimwa saa sita walikuwa wa vijijini waliofika kwa miguu. Orodha haikuwa na mjomba, ila ilikuwa na umbali na kifungua kinywa ndani yake.

## Tunavyofanya sasa

Majaribio yetu ya sasa yanaanza na uji, na hakuna anayepimwa baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Kila mtoto anacheza siku zote mbili. Ili hilo liwezekane tulipunguza dakika za mechi na kuongeza idadi ya mechi, na siku ya pili tunawapanga kwa ukubwa wa mwili, wale waliokwishabalehe upande wao na wadogo upande wao, bila kujali tarehe za vyeti. Wazo hilo si letu. Mwaka 2015 vituo vya klabu kadhaa za Uingereza vilijaribu mashindano ya wavulana waliofikia asilimia 85 mpaka 90 ya urefu unaotarajiwa wakiwa watu wazima. Kwetu faida iliyonishangaza ilikuwa kwa wakubwa: mtoto aliyezoea kupita kwa bega, akikutana na mabega kama lake, analazimika kuonyesha kama miguu yake inajua kitu kingine.

Wakati wa kuchagua tunapima mita 10, kuruka mbele, urefu wa kusimama na wa kukaa, na kinena. Tumeziacha pushapu. Hatujumlishi. Mita 10 na kuruka zina kazi moja tu, kutafuta akina Namba 31: mtoto ambaye macho yamemkosa na futi kamba imemwona anapewa mechi ya ziada kwenye nafasi yake halisi, na tunamuuliza ni ipi. Namba nzuri inaweza kumwongezea mtoto mechi. Namba mbaya haiwezi kumnyima. Anayesoma chini kwenye kinena, au anayetaja maumivu yoyote, anaongea nami siku hiyohiyo.

Vipimo vilivyobaki tunavifanya baada ya mtoto kuingia, na tunavirudia kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo nguvu inaposomeka vizuri, kwa sababu unamlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, huku mstari wa mkaa ukutani ukikuambia ni kiasi gani cha ongezeko kimetokana na kurefuka tu. Aliyerefuka sentimita 3 na nguvu zake zimesimama palepale, tunampunguzia mazoezi mpaka mwili ujipange.

Mfadhili hajaridhika, na namwelewa. Mwaka jana alitaka orodha, tukampa majina yote kwa mpangilio wa alfabeti, kila jina na namba zake pembeni. Aliipitia, akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu, akaniuliza: "Sasa hapa wa kwanza ni nani?" Mzee alikuwa amekaa karibu. Akamwambia njoo, akampeleka stoo kumwonyesha ukuta.